Kabla Hujautegemea Mwongozo Huu



Huenda umeununua mwongozo huu, au umeuazima kwa rafiki, kwa sababu mtihani unakaribia. Huenda pia tamthilia yenyewe hujaimaliza, na unatarajia muhtasari ulio mbele utakufidia. Sikulaumu. Hata hivyo, kabla hujafungua kurasa hizo, ningependa tuzungumze kidogo, mimi nikiwa mwalimu wa Kiswahili na pia mtahini ambaye kwa miaka kadhaa amesahihisha karatasi ya tatu, karatasi ya fasihi.

Maoni yangu ni haya: hakuna mwongozo unaoweza kukupasisha fasihi. Utapasi siku utakayoacha kungoja kuambiwa kitabu kinasema nini, ukaanza kukiuliza kitabu chenyewe. Najua ni ajabu jambo hili kusemwa ndani ya mwongozo. Ni kama mwuza magongo anayekuambia kwamba miguu yako ni mizima. Lakini heri nikuambie sasa kuliko ukayajua hayo ukiwa chumba cha mtihani.

Ninachokiona ninaposahihisha

Unaifahamu karatasi yenyewe. Ina alama 80, na unapewa saa mbili na nusu kujibu maswali manne, kila swali alama 20. Swali la kwanza ni la lazima. Matatu yanayosalia unayachagua kutoka sehemu zilizobaki, wala huruhusiwi kujibu maswali mawili ya sehemu moja.

Sasa nikueleze kinachotokea upande wa pili wa meza. Mtahini anachukua fungu la majibu ya shule moja. Anasoma jibu la kwanza, la pili, la tatu. Kufikia la tano anagundua kwamba tayari anaijua sentensi itakayofuata. Watahiniwa arobaini wameandika hoja zile zile, kwa mpangilio ule ule na kwa maneno yale yale. Hawakuibiana. Wote walimeza notisi moja. Na kama aliyeziandika notisi hizo alikosea, akampa mhusika mmoja tendo la mwingine, basi kosa hilo limesafiri darasa zima. Hakuna hata mmoja aliyerudi kitabuni kuhakikisha.

Kuna jambo linaloumiza zaidi. Swali limeuliza kuhusu nafasi ya vijana katika kuleta mabadiliko. Mtahiniwa ameandika kurasa mbili safi, hati nzuri, Kiswahili kizuri, kuhusu nafasi ya mwanamke. Kwa nini? Kwa sababu nafasi ya mwanamke ndiyo aliyoikariri. Aliona neno “nafasi” akashusha mzigo alioubeba. Mtahini hawezi kumpa alama kwa jibu la swali ambalo halikuulizwa. Anaguna, anaandika sufuri, anaendelea. Usifikiri kwamba hatuhurumii. Tunahuruma, lakini huruma haimo katika mwongozo wa kusahihisha.

Tazama pia swali la dondoo. Unaambiwa uweke dondoo katika muktadha wake kwa alama nne: msemaji, msemewa, mahali na sababu ya maneno hayo kusemwa. Aliyesoma kitabu mara mbili tatu anaweza kuliweka mahali pake hata dondoo ambalo hakuwahi kulipigia mstari, kwa kuwa anazijua sauti za wahusika. Anajua nani husema kwa ukali na nani husema kwa mafumbo. Aliyekariri orodha ya “dondoo muhimu” hukwama mara tu dondoo linapotoka nje ya orodha yake. Na mtungaji wa mtihani hakuiona orodha hiyo.

Kosa langu mwenyewe

Nisikufanye uamini kwamba kosa hili ni la wanafunzi peke yao. Sisi walimu tumelilea, na mimi nimo.

Katika miaka yangu ya kwanza ya kufundisha nilikuwa nikiingia darasani na daftari langu, nikisoma polepole, wanafunzi wakiandika. Sifa za mhusika fulani: moja, mbili, tatu. Umuhimu wake: moja, mbili, tatu. Darasa lilikuwa kimya, na ukimya huo niliuona kuwa nidhamu. Siku moja msichana mmoja aliinua mkono. “Mwalimu, umesema mhusika huyu ni katili. Lakini mimi namwonea huruma. Naona kama alifanywa kuwa hivyo.”

Kengele ilikuwa karibu kulia na silabasi ilikuwa haijaisha. Nilimwambia, “Wewe andika nilichosema. Hicho ndicho kinachotahiniwa.” Akainamisha kichwa akaandika.

Mwaka uliofuata alipokuja kuchukua cheti chake, aliniambia jambo ambalo sijalisahau: “Mwalimu, swali lile lilitaka tutoe maoni pande zote mbili. Nililijua. Lakini niliogopa kuandika ninavyofikiri, nikaandika zile notisi.” Hakulisema kwa hasira. Alikuwa na heshima zake, na alinishukuru hata. Mimi ndiye niliyeona aibu. Msichana huyo alikuwa na jibu miezi mingi kabla ya swali kuja, nami ndiye niliyemfundisha kulificha.

Tangu siku hiyo sijawahi kumwambia mwanafunzi “andika nilichosema”. Humwuliza, “Umeliona wapi kitabuni?” Akinionyesha, hoja ni yake. Asiponionyesha, tunatafuta pamoja.

Kujitegemea si kujitenga

Mwaka 1979 Henri Holec wa Chuo Kikuu cha Nancy, Ufaransa, aliliandikia Baraza la Ulaya ripoti kuhusu ujifunzaji wa lugha. Ndani yake alieleza kujitegemea kwa mwanafunzi kuwa ni uwezo wa kujisimamia katika kujifunza kwake mwenyewe: kujua anachotaka kufikia, kuchagua njia ya kukifikia, na kujipima kama amekifikia. Akaongeza jambo ambalo mara nyingi husahaulika, kwamba uwezo huo mtu hazaliwi nao. Hujifunzwa.

Zingatia hilo la mwisho. Huenda unasema, “Mimi si mtu wa kusoma peke yangu, mimi bila mwalimu siwezi.” Hujazaliwa hivyo. Umezoeshwa hivyo, na kilichozoewa kinaweza kuachwa. Wadogo zako walio katika mtaala mpya wa umilisi wamewekewa jambo hili waziwazi, kwani kujifunza jinsi ya kujifunza ni mojawapo ya umilisi saba wa kimsingi. Wewe hukuandikiwa katika silabasi, lakini huna haja ya ruhusa ya silabasi ili ufikiri.

Wala kujitegemea si kumkimbia mwalimu au kuutupa mwongozo. Anayejitegemea huuliza zaidi ya wenzake. Tofauti ni kwamba huja kwa mwalimu akiwa na swali. Hamwambii, “Mwalimu, tupe notisi za maudhui.” Humwambia, “Mwalimu, nimeona maudhui ya ulevi katika sehemu hizi tatu, lakini sijaelewa kwa nini mwandishi ameyaweka pamoja na suala la kukosa mtoto wa kiume.” Swali la kwanza humfanya mwalimu kuwa mfereji wa maji. La pili humfanya kuwa mwalimu.

Mfano wa Yona

Tuchukue mfano kutoka tamthilia yenyewe, Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Ukifungua sehemu ya wahusika katika mwongozo wowote utakuta kwamba Yona ni mlevi. Ni kweli. Ukiliandika hilo na kulitolea mfano kitabuni, utapata alama zako.

Lakini hebu liache hapo kwa muda uulize maswali yako. Ulevi wa Yona ulianzaje? Jamii yake ilimwambia nini kuhusu kukosa mtoto wa kiume? Je, kusukumwa na maneno ya watu ni udhuru wa kutosha? Sara, mkewe, aliishi katika jamii hiyo hiyo. Yeye aliubeba mzigo wake vipi, na mbona hakushika chupa? Je, wale waliomcheka Yona wana lawama, au lawama yote ni yake?

Ukishajiuliza hivyo, Yona si neno “mlevi” tena. Ni mtu. Unaweza kumhukumu, na unaweza kumtetea. Mwenzako anaweza kushikilia kwamba Yona ni wa kulaumiwa, nawe ukashikilia kwamba ni wa kuhurumiwa, na nyote wawili mkapata alama kamili, mradi kila mmoja ametoa ushahidi kutoka kitabuni. Katika miongozo ya kusahihisha huwa kuna maelekezo kwamba hoja nyingine zilizo sahihi zikubaliwe na kwamba mtahini akadirie jibu la mtahiniwa. Maana yake ni kwamba mlango wa fikira zako umeachwa wazi. Wengi hupita mbele yake bila kuubisha.

Au chukua anwani yenyewe. Kila mwaka wanafunzi hukariri hoja za ufaafu wa anwani. Badala ya kukariri, kumbuka ulipokuwa mdogo. Uliwahi kubembea katika kamba iliyofungwa kwenye tawi la mwembe au mparachichi. Bembea haitulii. Anayepanda hushuka, na aliyeko chini hupanda. Mara nyingi kuna mtu anayekusukuma, na kamba ikikatika unaanguka. Sasa irudie tamthilia ukiwa na kumbukumbu hiyo. Tafuta nani amepanda na nani ameshuka. Mtazame Neema, binti aliyeko mjini anayegharimia matibabu ya mamake: ni nani aliyemsukuma hadi akafika hapo, na sasa anamsukuma nani? Hoja utakazozipata kwa njia hii hutazisahau, kwa kuwa hukuzimeza. Umeziota mwenyewe.

Sehemu zisizo na mwongozo

Kama bado unadhani kukariri kunatosha, fikiria ushairi. Shairi la mtihani hujawahi kuliona, na hakuna duka linalouza mwongozo wake. Hapo ni wewe na beti tu. Mtahiniwa aliyezoea kulishwa huanza kumwaga istilahi: inkisari, tabdila, mazida, kuboronga sarufi. Anaziorodhesha kama mtu anayetaja majina ya wanafunzi wa darasa asiloliingia. Mtahini anataka uonyeshe mshairi amelitumia lini na kwa nini. Ukikuta “menipa” badala ya “amenipa”, usiseme tu “ni inkisari”. Hesabu mizani za mshororo huo uone kama mshairi alihitaji kupunguza silabi moja. Ukihesabu mwenyewe mara ishirini nyumbani, ya ishirini na moja katika mtihani haitakutisha. Hata mshairi ana uhuru wake, na anautumia kwa sababu anazijua kanuni. Uhuru wa msomaji nao ni hivyo hivyo.

Fasihi simulizi nayo inakungoja kwenu nyumbani. Unaweza kuulizwa kuhusu ukusanyaji wa data nyanjani: mahojiano, hojaji, kushiriki, kutazama, kurekodi, na matatizo ya kila njia. Wanafunzi huikariri orodha hiyo kama majina ya sayari. Lakini wengi wao wana nyanya anayejua ngano, au mjomba aliyewahi kuimba nyimbo za jando, au jirani asiyemaliza sentensi bila methali. Likizo ijayo keti naye. Mwombe ruhusa, mrekodi kwa simu kama anakubali, mwulize. Utagundua kwamba mhojiwa anaweza kuchoka, kwamba anaweza kukuficha mambo kwa sababu ya umri wako, na kwamba ngano isiyo na hadhira hupoa. Umejifunza matatizo ya utafiti bila kuyakariri, tena nyanya yako amefurahi kusikilizwa.

Pa kuanzia

Sitaki nikuache na mawaidha matupu. Hizi hapa hatua ambazo nimeziona zikiwasaidia wanafunzi wangu, wakiwemo wale waliokuwa wakipata alama za chini.

Kwanza, soma kitabu chote mara moja bila kalamu na bila mwongozo, kama mtu anayetaka kujua nini kitatokea. Usikwamie kila neno gumu. Neno likirudi mara tatu, hapo lifuate kwenye kamusi.

Pili, katika usomaji wa pili tenga daftari dogo la maswali. Kila baada ya onyesho andika maswali matatu usiyoyajua majibu. Yasiwe ya “nani alimwambia nani”. Yawe ya “kwa nini”.

Tatu, jitungie mtihani. Geuka mtungaji. Chagua dondoo, liulizie muktadha, mbinu za lugha na maudhui, kisha gawa alama. Ukishajaribu kugawa alama 20 utaelewa kwa nini swali la alama kumi halijibiwi kwa mistari mitatu.

Nne, badilishaneni majibu katika kikundi cha watu watatu au wanne, msahihishane. Kila hoja isiyo na mfano kutoka kitabuni isipewe alama. Mwe wakali kuliko mimi. Anayesahihisha hujifunza kuona kosa lake katika kazi ya mwenzake.

Tano, na hapa ndipo mwongozo unapoingia, linganisha. Andika jibu lako kwanza, kisha fungua mwongozo. Ulichokipata na haumo humu, hakikisha kina ushahidi, kisha kihifadhi. Kilichomo humu nawe hukukiona, kirudie kitabuni ukione kwa macho yako.

“Lakini, mwalimu...”

Najua utakayoniambia, kwa kuwa nimeyasikia darasani.

Utasema huna muda, una masomo saba au nane. Ni kweli. Lakini hesabu saa unazotumia kumeza notisi, kuzisahau na kuzimeza upya. Kusoma tamthilia nzima ni kazi ya siku chache za jioni. Kuikariri bila kuisoma hakuishi.

Utasema mko watatu kwa nakala moja. Hilo ni tatizo kubwa, na halikuanzia kwako. Ila tamthilia iliandikwa itamkwe. Gawaneni wahusika, msomeane kwa sauti. Watatu kwa nakala moja wanaweza kuwa kundi la waigizaji.

Utasema Kiswahili chako ni dhaifu, na afadhali uandike sentensi nzuri za mtu mwingine. Hapa sikubaliani nawe kabisa. Methali inasema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mtahini huiona mara moja sentensi iliyoazimwa: aya moja imeandikwa kwa Kiswahili cha mhadhiri, inayofuata ni ya mwanafunzi anayehangaika. Sentensi yako fupi, sahihi, inayojibu swali, ina thamani kuliko aya ndefu isiyokuhusu. Tena lugha haikui kwa kuazima. Hukua kwa kusema unachotaka kusema, kukosea, na kurekebisha.

Mwisho, utasema mwalimu wako anataka majibu yake. Mheshimu, kwa kuwa huenda ana madarasa manne na wanafunzi hamsini kila darasa. Mwendee baada ya kipindi na kitabu mkononi, si hoja mdomoni tu. Mwambie, “Mwalimu, naomba unisaidie, hapa mimi nimeona hivi.” Walimu wengi hungoja sentensi hiyo miaka mingi. Mimi niliisikia mara moja nikaizima, na bado najuta.

Neno la mwisho

Mtihani utaisha. Mwezi Machi au Aprili baada ya kidato cha nne hutakumbuka sifa kumi za mhusika yeyote, na mimi sitakulaumu. Lakini utasoma mkataba wa kazi. Utasikiliza hotuba ya mwanasiasa. Utaletewa ujumbe kwenye simu unaodai jambo kuhusu kabila fulani au ugonjwa fulani. Hakuna atakayekuandikia mwongozo wa mambo hayo. Aliyezoea kuuliza “umeliona wapi?” atauliza. Aliyezoea kumeza atameza.

Kwa hiyo usigeuze ukurasa huu bado. Chukua tamthilia yenyewe, usome onyesho la kwanza, uandike maswali yako matatu. Ukirejea, chukua penseli uende nami. Na ukikuta mahali ambapo hukubaliani nami, nawe una ushahidi, andika pembeni: “Mwalimu amekosea hapa.” Sitakasirika.